Sura ya Sita: Kibali cha Usiku

Mji wa Mtwara ulichorwa kwenye karatasi kabla ya kujengwa. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Waingereza walitaka bandari ya kusafirishia karanga za mradi wao wa Nachingwea. Wakaichagua ghuba yenye kina kirefu jirani na Mikindani, wakapima barabara pana, wakagawa maeneo kwa rangi ya watu. Shangani, upande wa bahari unaopata upepo, ukawa wa wazungu. Waafrika wakapangiwa makazi ndani zaidi. Karanga hazikustawi na mradi ukavunjwa mwaka 1951, lakini ramani ilibaki. Hadi leo Shangani ni mtaa wa nyumba za maofisa, ofisi na hoteli za ufukweni, na usiku wake ni mtulivu kuliko wa mitaa mingine ya mji.

Utulivu huo una mgeni wake. Jumamosi jioni, vijana wakitoka mpirani na wavuvi wakiwa wamekwisha kuuza, bodaboda hupita na spika iliyofungwa nyuma, ikitoa mapigo ya haraka kiasi kwamba mtu mzima asiyeyazoea hudhani redio imeharibika. Hiyo ni singeli. Biti zake hukimbia kati ya mapigo 200 na 300 kwa dakika, wakati nyimbo nyingi za dansi duniani huishia kwenye 130. Juu ya biti hizo kijana mmoja hughani kwa kasi ileile kuhusu kodi ya chumba, mpenzi aliyeondoka, rafiki aliyezama kwenye unga. Muziki huu ulizaliwa uswahilini Dar es Salaam: Manzese, Tandale, Mburahati, Mbagala. Ulifika kusini ndani ya memori kadi na simu za abiria wa mabasi, na leo unachezwa kwenye harusi za Mtwara, Lindi na Masasi, hasa pesa za korosho zinapoingia na kila ukoo unapotaka kukodi muziki.

Sura zilizotangulia zilizungumzia nyimbo zilizokatazwa kwa ajili ya maneno yake. Hii inazungumzia muziki unaomtia mtawala wasiwasi kwa sauti yake, kwa saa unayopigwa na kwa watu unaowakusanya. Ninaamini kwamba serikali zetu, tangu mkoloni hadi leo, hazikuhangaika na mashairi peke yake. Zilitaka kuushika usiku: nani akusanyike, wapi, mpaka saa ngapi, na kwa ruhusa ya nani. Anayetaka kuelewa jinsi vijana wasio na fedha walivyounda mojawapo ya mitindo ya kijasiri kabisa ya muziki wa umeme duniani, chini ya dola isiyopenda mikusanyiko ambayo haikuipanga yenyewe, aanze na ngoma zilizokuwepo kabla ya umeme. Kwa hilo, kusini ndiko mahali pa kuanzia.

Sindimba inapanda jukwaani

Tarehe 10 Desemba 1962, akihutubia Bunge siku moja baada ya nchi kuwa jamhuri, Mwalimu Nyerere alitangaza Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alisema kwa uchungu kwamba wasomi walikuwa wamefundishwa kudharau ngoma zao na kuziona za kishenzi. Uchungu ule ulikuwa wa kweli. Miaka michache baadaye kikaundwa kikundi cha taifa cha ngoma, na kati ya ngoma zilizochukuliwa kutoka mikoani hakuna iliyopata umaarufu kuishinda sindimba ya Wamakonde.

Huku kwetu sindimba ilikuwa na mahali pake. Ilifungamana na jando na unyago, ikichezwa na watu wanaojuana, mbele ya wazee waliojua nani amefikia umri wa kucheza nini. Kiuno kilichozunguka pale kilikuwa somo. Jukwaani Dar es Salaam, mbele ya mabalozi na wageni wa serikali, kiuno kilekile kikawa maonyesho. Baadhi ya watazamaji wakakilalamikia kuwa ni matusi, walimu wa ngoma wakakipunguza, mistari ya wachezaji ikanyooshwa, muda ukafupishwa. Kikundi cha taifa kilipokufa, kazi hiyo ilirithiwa na Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilichofunguliwa mwaka 1981, na sindimba ikaendelea kufundishwa kama somo la darasani. Taifa likapata ngoma ya kuonyesha, nao wenye ngoma wakajifunza kwamba dola inaweza kukusifia na kukunyang'anya kwa wakati mmoja.

Ng'ambo ya Ruvuma mambo yalikuwa makali zaidi. Wamakonde wa Msumbiji walikuwa na mapiko, wachezaji wa vinyago, ndugu wa midimu wa upande wetu. Chini ya Wareno kinyago kilimruhusu mtu aliyevaa kumwiga afisa wa kikoloni, mwendo wake, tumbo lake na amri zake, huku kijiji kizima kikicheka. Tarehe 16 Juni 1960 askari wa Kireno waliua watu waliokusanyika Mueda kudai haki zao, na baada ya hapo wengi walivuka mto kuingia Mtwara. FRELIMO ilipotwaa nchi mwaka 1975 mapiko hayakupigwa marufuku moja kwa moja, ila yalitakiwa yaimbe ujenzi wa taifa jipya, na mengi yakaimba. Mtawala mgeni alikuwa amekiogopa kinyago. Mtawala mwenyeji alikipa kazi. Njia hizi mbili zitajirudia katika kila ukurasa unaofuata.

Kasio na kigoda

Serikali ya Tanganyika huru haikuwa na shida na gitaa la umeme ilimradi bendi iwe ya mtu fulani anayejulikana: jumuiya ya wafanyakazi, polisi, jeshi, shirika la umma. Vyombo vilikuwa ghali, fedha za kigeni haba, na mwenye vyombo ndiye aliyemwajiri mwanamuziki. Nyimbo zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, na hapakuwa na redio nyingine ya kuzirusha Bara mpaka Radio One ilipoanza mwaka 1994. Vijana waliotoka nje ya mstari walikutana na mkono wa dola. Kuanzia Januari 1969 Umoja wa Vijana wa TANU uliendesha Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, wigi na suruali za kubana, na mwezi Novemba mwaka huohuo muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Hoja iliyotolewa ilikuwa utamaduni wa taifa, lakini kumbi za soul zilikuwa pia mahali ambapo vijana wa mjini walikutana usiku bila mwenyekiti wala mlezi.

Mchiriku ulikuja kuuvunja mpango huo kwa vifaa duni kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa ile ya 1990, vikundi vya vijana wa uswahilini Dar vilianza kutumia kinanda kidogo cha Casio, cha aina iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto na wanafunzi. Tukitazame kikundi kikiwa kazini. Kinanda kimewekwa mapajani. Kipaza sauti kimesogezwa karibu na spika yake ndogo, kisha sauti ikapelekwa kwenye amplifaya iliyochoka na kutokea kwenye pembe ya chuma, ile inayotumika msikitini na kwenye mikutano ya hadhara. Sauti inapopita humo inakwaruza, inapasuka na kuongezeka ukali. Chini yake zipo ngoma zenye asili ya Kizaramo, na kijana mmoja anapiga kigoda kwa fimbo mbili kwa kasi inayokupa shida kuhesabu. Mwimbaji hana haja ya kushindana na kinanda kwa uzuri. Anashindana nacho kwa nguvu.

Mhandisi wa studio angesema mlolongo ule wote ni makosa, lakini vijana waliusikiliza ule mkwaruzo wakaupenda, wakautafuta makusudi, wakaufanya alama yao. Hapo ndipo muziki wa majaribio unapoanzia popote duniani: chombo kinatumika kwa namna ambayo aliyekiunda hakuiwazia, na kile kilichoonekana kasoro kinageuka kuwa lugha. Jagwa Music, kikundi kilichoanza Mwananyamala mwaka 1992, kilifanya hivyo kwa miaka ishirini mitaani kabla albamu yake, Bongo Hotheads, haijatolewa Ubelgiji mwaka 2012. Hapa nyumbani mchiriku uliitwa muziki wa wahuni. Kanda zake ziliuzwa sokoni, zikachezwa kwenye daladala, na redio nyingi zikaupita kana kwamba haupo.

Dharau hiyo iliulinda. Hapakuwa na mkataba wa kuvunjwa wala leseni ya kufutwa. Kikundi kilikodiwa na mama mwenye harusi, kikalipwa na majirani waliotunza, kikalala na kuamka kesho yake kwenye mtaa mwingine. Mchiriku haukuwa na mlango ambao dola ingeweza kwenda kuugonga.

Ndani ya chumba cha biti

Singeli ilitoka tumboni mwa mchiriku na mtindo wa mnanda, na pia kwenye vigodoro, zile sherehe za kukesha zinazofungwa katikati ya mtaa. Kinanda cha Casio kilipisha kompyuta. Studio ilikuwa chumba kimoja cha nyumba ya kupanga: mashine ya mitumba, spika mbili, trei za mayai ukutani, feni, na programu ya FL Studio iliyopatikana kwa rafiki. Prodyuza huanza mara nyingi na kipande cha taarabu. Anakata sekunde mbili za kinanda au fidla, anazizungusha bila kukoma, anaongeza kasi mpaka fidla inalia kama filimbi, kisha anashindilia ngoma na makofi juu yake. Anaponogewa anapiga biti mubashara kwa vidole kwenye vitufe vya kompyuta. Siku ya sherehe DJ huifungua kwenye Virtual DJ na kuisukuma mbele zaidi, akimpima MC pumzi, huku MC naye akikataa kushindwa. Umati ndio unaoamua kama kasi imetosha, na mara nyingi husema bado.

Mburahati ipo Sisso Studios, iliyobeba jina la prodyuza Sisso. Humo ndimo walimopitia Jay Mitta, Bamba Pana, Makaveli, Dogo Niga na Anti Vairas. Prodyuza Duke naye alijenga Pamoja Records. Mwaka 2017 lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ilitoa mkusanyiko ulioitwa Sounds of Sisso, na wapenzi wa muziki wa umeme huko Ulaya wakashtuka. Walikuwa wakitafuta kwa miaka mingi muziki ulio mbele ya kila kitu, na huu hapa ulikuwa ukichezwa na akina mama waliovaa sare kwenye harusi ya Kinondoni. Bamba Pana na Makaveli wakaalikwa kwenye matamasha ya nje. DJ Travella, kijana wa kizazi kilichofuata, akatoa Mr Mixondo mwaka 2022.

Huko ng'ambo wameuita muziki wa majaribio, na hawakukosea. Ila jaribio lenyewe lilifanyika mbele ya watu wenye haki ya kuondoka au kutupa chupa, na lilifaulu kwa sababu mama mwenye shughuli aliridhika. Katika nchi nyingi muziki wa majaribio huishi kwenye kumbi ndogo za wasomi. Kwetu uliishi barabarani, na aliyeulipia ni mwanamke muuza vitambaa au samaki aliyecheza mchezo wa upatu mpaka zamu yake ikafika.

Miaka ya kubanwa

Sheria iliyounda Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, ni Na. 23 ya mwaka 1984. Chini yake msanii anatakiwa kusajiliwa, na shughuli ya sanaa kupata kibali. Kwa miaka mingi jambo hilo halikumgusa kijana wa Tandale. Kisha ikaja miaka ya 2015 hadi 2021. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilipitishwa mwaka 2015. Mwaka 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa, na zuio hilo halikuondolewa mpaka Januari 2023. Mwaka 2018 zikaja Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni, zilizomtaka hata mwenye blogu alipie leseni kwa kiasi kinachozidi shilingi milioni mbili.

Wasanii walihisi mkono huo mapema. Mei 2016 Serikali iliifungia video ya Chura ya Snura kwa sababu ya viuno, na mwimbaji akasimamishwa kufanya maonyesho mpaka ajisajili BASATA. Adhabu ile ilibeba mambo mawili kwa pamoja, kiuno na kibali, kana kwamba usajili ungekitia kiuno adabu. Machi 2017 rapa Nay wa Mitego alikamatwa kwa wimbo wa Wapo ulioikosoa serikali. Siku iliyofuata Waziri Harrison Mwakyembe akatangaza kwamba Rais Magufuli ameupenda, ameagiza msanii aachiwe na wimbo uchezwe, na kwamba ungeboreshwa kwa kuwataja pia wakwepa kodi. Wiki iliyofuata, tarehe 5 Aprili, watu wenye silaha waliingia studio za Tongwe Records jijini Dar es Salaam, wakamchukua rapa Roma Mkatoliki na wenzake, wakaondoka na kompyuta ya studio. Vijana wale walionekana siku tatu baadaye, wakiwa na majeraha. Desemba 2018 Diamond Platnumz na Rayvanny walifungiwa na BASATA baada ya kuimba jukwaani wimbo wa Mwanza uliokwisha kukatazwa.

Hiyo kompyuta iliyobebwa inatufundisha mengi. Aliyepanga kazi ile alijua kwamba studio ndogo ya kisasa ni mashine moja, na ukiichukua umechukua miaka ya kazi, sauti za watu, na nyimbo ambazo hazijatoka. Kwa prodyuza wa singeli hatari ni ileile hata kama mwizi ndiye atakayeingia badala ya mtu mwenye silaha. Ndiyo maana nyimbo zilisambazwa haraka: ikitoka leo saa kumi, saa kumi na mbili iko kwenye fleshi ya mwenye bajaji, na kesho kibanda cha kuingiza nyimbo Mbagala kinaiweka kwenye simu ya abiria wa Mtwara. Kazi iliyogawanywa kwa watu elfu haibebwi na gari moja.

Singeli haikuwa na Wapo wake. Ilisimulia shida bila kumtaja mwenye kusababisha, na kwa sehemu hilo liliiponya. Vigodoro, hata hivyo, vilipigwa marufuku mara kadhaa na viongozi wa wilaya na polisi, kwa hoja za maadili, kelele, watoto kukesha na wizi. Hoja hizo hazikuwa za uongo zote. Jirani mwenye mgonjwa ana haki ya kulala, na binti wa miaka kumi na mbili hana shughuli mtaani saa nane usiku. Lakini marufuku ya jumla haikumtofautisha mwizi na bibi harusi. Ilichofuta ni ule usiku wenyewe, saa ambazo watu wa kipato cha chini huwa pamoja bila kusimamiwa.

Jirani zetu na dunia

Uganda ilionyesha waziwazi jinsi serikali inavyoushika usiku. Tamasha la Nyege Nyege lilianzishwa Jinja mwaka 2015 na Derek Debru na Arlen Dilsizian, wageni wawili waliohamia Kampala, pamoja na wenzao wa hapo. Septemba 2018 Waziri wa Maadili, Simon Lokodo, alitangaza kulizuia akisema linaeneza uasherati. Muda mfupi baadaye likaruhusiwa kwa masharti. Mwaka 2022 Spika Anita Among alitaka lizuiwe, na Waziri Mkuu Robinah Nabbanja akaliruhusu, tena kwa masharti. Katika miaka hiyohiyo matamasha ya mwimbaji Bobi Wine, aliyeingia bungeni mwaka 2017, yalikuwa yakizuiwa na polisi moja baada ya jingine. Mwimbaji wa siasa alizuiwa kabisa, watalii wenye fedha waliruhusiwa kwa masharti, na katika hali zote mbili mwenye ufunguo wa usiku alikuwa serikali.

Huko Tehran kila albamu na kila onyesho hupitia wizarani, na mashairi husomwa neno kwa neno. Watunzi wa muziki wa kompyuta usio na maneno, akiwamo Ata Ebtekar anayejulikana kama Sote, walipata humo upenyo ambao waimbaji hawakuupata. Na asidhani mtu kwamba haya ni ya nchi za kusini tu. Mwaka 1994 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyowapa polisi uwezo wa kutawanya mikusanyiko ya wazi ya usiku ya watu 100 au zaidi, na katika kuueleza muziki uliolengwa ilitaja mfuatano wa mapigo yanayojirudia. Kikundi cha Autechre kilijibu kwa kutunga kipande ambacho mapigo yake yalipangwa yasijirudie. Sheria ile haikutaja hata neno moja la wimbo. Ilitaja mapigo, usiku na idadi ya watu, vitu vitatu vilevile ambavyo afisa wa kata huviuliza anapoombwa kibali cha ngoma.

Gesi, umeme na giza

Turudi Mtwara, maana mkoa huu umo ndani ya singeli kuliko unavyotajwa. Biti haitengenezwi bila umeme, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya umeme wa Dar es Salaam imetoka kwenye gesi asilia, ikiwamo ya Mnazi Bay, mwendo mfupi kutoka mdomo wa Ruvuma. Gesi husafishwa Madimba, ikasafiri kwa bomba la zaidi ya kilomita 500, ikafika Kinyerezi kuzungusha mitambo. Feni na mashine ya prodyuza wa Mburahati vimeendeshwa, kwa sehemu, na kilichotoka chini ya mchanga wa Msimbati, hukohuko Mnazi Bay.

Bomba hilo lilijengwa juu ya maumivu. Mwishoni mwa Desemba 2012 maelfu ya watu waliandamana Mtwara wakisema gesi haitoki mpaka mkoa uone faida yake. Januari 2013 vurugu zilizuka Mtwara na Masasi, na Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaja kuzungumza na wananchi. Tarehe 22 Mei 2013, bajeti ya nishati iliposomwa Bungeni na Waziri Sospeter Muhongo na bomba likathibitishwa, mji uliwaka. Maduka yalifungwa, nyumba na ofisi zilichomwa, risasi na mabomu ya machozi vikalia, watu wakafa, wanajeshi wakaletwa. Familia zilikimbilia porini na vijijini. Oktoba 2015 bomba lilizinduliwa.

Aliyeishi Mtwara siku zile anajua usiku unavyochukuliwa. Hakuna ngoma, hakuna harusi, hakuna kijiwe cha kahawa. Mtu anarudi ndani kabla ya magharibi. Nchi nzima ililionja hilo tarehe 29 Oktoba 2025. Maandamano ya siku ya uchaguzi yalizimwa kwa risasi, watu wakauawa, intaneti ikakatwa kwa siku kadhaa, na Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje kuanzia saa 12 jioni. Amri ya kutotoka nje ni kibali cha usiku kilichofutwa kwa watu wote kwa mkupuo. Wanaodhani mjadala wa vigodoro ni mdogo mno kuingia kwenye kitabu cha haki waipime amri ile pamoja nao. Dola iliyozoea kuamua ngoma ya mtaa iishe saa ngapi haihitaji kujifunza upya namna ya kuwafungia watu ndani.

Kukumbatiwa

Marufuku si tishio pekee, na sidhani ni kubwa kuliko yote. Redio EFM ya Dar es Salaam ilipoichukua singeli katikati ya miaka ya 2010, Msaga Sumu, Man Fongo, Sholo Mwamba na Dulla Makabila wakawa majina ya taifa, na hilo lilikuwa jema; walikula jasho lao. Kisha wasanii wa singeli, kama wenzao wa Bongo Fleva, wakapandishwa kwenye majukwaa ya kampeni, mchana kweupe, wakilipwa na walewale ambao watendaji wao waliwafukuza usiku. Simlaumu msanii. Mwenye watoto haulizwi kwa nini alikubali kazi. Ila yaliyoipata sindimba yanatuonya. Muziki ukishapewa jukwaa la taifa, muda hufupishwa, kasi hupunguzwa ili mgeni wa heshima asichoke, MC hupewa majina ya kutaja, na mama aliyekuwa mwamuzi anabaki nyuma ya kamba akitazama.

Kwa hiyo ninapendekeza mambo matatu, na ninayapendekeza kwa Manispaa ya Mtwara Mikindani kabla ya mahali pengine, kwa kuwa mji huu umekwisha kuonja yote mawili: ngoma kuchukuliwa na usiku kufungwa. Kwanza, masharti ya kibali cha sherehe ya mtaa yaandikwe na kubandikwa ofisi ya kata: ada, saa, kiwango cha sauti, na sababu za kukataa. Mtu akinyimwa apewe barua ya kupeleka kwa ngazi ya juu. Kelele zina dawa ya saa na umbali, wala haziponi kwa kufuta sherehe. Pili, biti za miaka ya mwanzo ya mchiriku na singeli zikusanywe sasa, kutoka kwenye kanda, fleshi na mashine zinazokufa kwa vumbi, zihifadhiwe kwa majina ya waliozitengeneza, na mapato yawafikie wao pamoja na wale wapiga taarabu ambao vipande vyao vilikatwa bila kuulizwa. Tatu, muziki huu ukipelekwa shuleni au kwenye maonyesho ya taifa, waende wenyewe wanaoucheza, kwa kasi yao, na mkataba wao wasome kabla ya kusaini.

Kuna watakaosema kwamba vijana wa singeli hawakupigania uhuru, walitafuta pesa na raha. Ni kweli, na ndiyo maana mfano wao una uzito. Hawakutangaza upinzani wowote. Walikusanya vifaa vilivyotupwa, wakatengeneza sauti ambayo haikuwahi kusikika, wakaipiga mbele ya watu wao bila kusubiri kuruhusiwa, na kwa kufanya hivyo walionyesha kwamba usiku wa mtaa ni mali ya wanaoishi mtaani humo. Wala kibali hakiwezi kumpa mtu kitu alichokuwa nacho tayari. Kazi ya serikali inayojiheshimu ni kuwalinda watu hao wanapokusanyika, mgonjwa wa jirani apate kulala na bibi harusi apate kucheza, halafu iondoke.